Wangare na Safu ya Nyumbani

Alhamisi ile asubuhi Wangare alisoma habari ya jogoo.

Mumewe Kibii alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko la makaa, kikombe mkononi, chai bado moto. Nje, mtaa wa Bondeni mjini Nakuru ulikuwa umeamka. Mtu alifagia, redio ya jirani ilikohoa, maji yaligonga ndoo mferejini. Wangare alivaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akapanga karatasi mapajani.

"Sikiza huyu," akasema. "'Jogoo wangu amekataa kuwika tangu niuze ndugu yake. Kila asubuhi ananiangalia tu, kama mtu anayengoja maelezo.'"

Kibii akacheka mpaka chai ikamwagikia goti.

"Hiyo inapanda juu," Wangare akasema, akaweka alama kwa kalamu.

"Ni yule mwalimu?"

"Ni yeye. Chepkurui wa Kaptembwo."

"Mwambie amchinje."

"Akimchinja, wewe kesho utacheka nini?"

Akakunja karatasi, akavaa viatu, akatoka kwenda kazini. Ilikuwa asubuhi ya mwisho ya kawaida, na Kibii hakuishika. Ilipita kama zingine. Nani hushika asubuhi?

Kibii hakwenda shule. Jina lake aliandikiwa mara nyingi, na alilijua kwa umbo, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake kwa mbali. Lakini kusoma, hapana. Alisomewa. Kila asubuhi Wangare alichukua karatasi alizokuwa ameleta kutoka ofisini, zilizochapwa nyuma ya karatasi zilizoharibika, akamsomea watu walioandika jana yake. Kibii alipocheka, aliweka alama. Alipofyonza, aliweka alama. Aliposema, "Huyo mwongo," aliweka alama mbili. Kisha akaenda ofisini akaipandisha habari hiyo juu kabisa. Kwa hivyo mtu aliyefungua Kibao, ule ukurasa wa mtandao wa ofisi yao, kule Nairobi, au hata Ulaya, alianza na kile kilichomchekesha mzee mmoja wa Bondeni aliyekaa kwenye kigoda.

Vijana wa ofisini hawakujua. Walidhani mathe, kama walivyomwita mama huyo, ana jicho la kuchagua.

"Usiwaambie," Wangare alikuwa akisema. "Watakupa cheo, uanze kuvaa tai."

Walikutana Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe, zamani. Kibii alibeba udongo. Wangare alikuwa msichana wa taipu. Wanaume walitoka shimoni weupe kutoka nywele hadi viatu, macho tu ndiyo yalibaki meusi, na hapo hapakuwa na mtu wa huku wala mtu wa kule. Siku Kibii alipopelekwa kuandikishwa, alikuwa amebeba tangu asubuhi. Alisimama mbele ya meza akiangusha unga. Wangare hakuinua macho.

"Jina?"

"Kibii."

"Nyumbani ni wapi?"

"Mogotio."

"Na mimi ni Subukia," akasema, ingawa hakuulizwa. Ndipo akainua macho, akamwona, akacheka mpaka karani mkubwa akatoka kuangalia kuna nini.

Walipooana, watu wa makabila mawili, Subukia walinung'unika. Mogotio walinung'unika zaidi. Wao wakaja kukaa Bondeni, ambako watu walinung'unikia maji peke yake. Walipata binti, Jepleting. Wangare alipiga taipu ofisi hii na ile mpaka wakamstaafisha. Hakukubali kukaa nyumbani. Aliweka meza nje ya duka la vitabu la Wahindi, familia ya Vipul, akapigia watu barua za kuomba kazi. Vidole vyake vilikimbia bila yeye kuviangalia. Watu walikuwa wakisimama tu kutazama.

Vipul ndiye mtoto wa duka. Wakati huo, mwaka wa elfu mbili na saba, alikuwa na chumba juu ya duka, na ndani yake kompyuta mbili na kijana anayeitwa Wamalwa, mtu wa Kitale, aliyejua kuziamrisha. Siku moja Vipul akashuka ngazi.

"Mathe," akasema, "wewe unasoma haraka vile unapiga?"

"Nasoma kuliko ninavyopiga."

"Basi panda juu. Tuko na shida."

Shida yao, kama Wangare alivyomweleza Kibii jioni hiyo, ilikuwa hivi. Siku hizi mtu anaweza kuandika barua yake na kuibandika kwenye mtandao, kama kuibandika mlangoni kwake, apitaye asome. Hiyo ndiyo blogu. Lakini milango imetawanyika, na hakuna mwenye nguvu ya kuzunguka yote. Vijana walitaka ukuta mmoja mjini ambapo barua zote za watu wa Bonde la Ufa zinaonekana pamoja. Waliuita Kibao. Wamalwa alikuwa ametengeneza programu inayozunguka milango yote yenyewe, ikileta kichwa cha habari na mistari michache. Ukipenda, unabonyeza, unapelekwa kwa mwenyewe.

"Na shida iko wapi?" Kibii akauliza.

"Inaleta kila kitu. Inaleta habari moja mara tatu. Inaleta nusu ya sentensi. Jana imeleta tangazo la mtu anauza meno ya bandia, ikaweka juu kabisa."

Basi akawa wa tatu wao. Wamalwa alirekebisha programu, Vipul alitafuta watu wenye blogu na kuwashawishi waingie, Wangare alisoma. Adhuhuri Kibii alipanda ngazi na githeri kwenye kopo, akaketi kwenye benchi karibu na mlango akiwasikiza wakigombana.

"Mathe, programu inatakiwa ifanye peke yake," Wamalwa alisema kila siku. "Ukiweka mkono wa mtu, hiyo si teknolojia."

"Bila mkono wangu mngekuwa mnauza meno."

"Yale meno yalitupatia wasomaji."

"Vibogoyo."

Aliwagombeza kwa picha kubwa zilizofanya ukurasa ufunguke polepole, wakazipunguza. Aliwagombeza kwa maandishi madogo kama sisimizi, wakayakuza. Kibao kikawa kizuri. Wamalwa mwenyewe alikiri, siku moja alipodhani mathe ametoka.

Safu ya nyumbani ilikuwa wazo la Wangare. Hilo Kibii hakumficha mtu, wala hakumruhusu mtu kulisema vibaya.

Huku kwetu mtu akikutana na mtu, baada ya salamu ni hilo. Nyumbani ni wapi? Si kwa ubaya. Ukijua nyumbani kwa mtu unamuuliza kama mvua imenyesha kwao, kama barabara imepona, unamtajia mtu mnayemjua nyote wawili. Usipomuuliza umemwacha amesimama mlangoni. Wangare aliona watu wa Kibao wamesimama mlangoni.

"Hawa watu wanaelea," aliwaambia vijana, mwezi wa kumi. "Jina tu. Nani anajua huyu ni wa wapi? Tuwaulize nyumbani ni wapi, na sasa wanakaa wapi, tuweke hapo kando ya jina. Mtu akisoma amjue mwenzake."

"Fiti," Wamalwa akasema. "Wasomaji watapenda hiyo."

Vipul alikuna kichwa. "Mimi mtaniandika nini?"

"Nyumbani ni wapi, Vipul?"

"Nakuru."

"Na kabla ya Nakuru?"

"Nakuru."

"Na babu yako?"

"Amezaliwa nyuma ya duka hili, mathe, na amechomwa hapa hapa Nakuru alipokufa. Mimi huulizwa mara mbili kila siku. Niandikeni mara moja tu."

Wamalwa alicheka sana. Wangare hakucheka. Alisema, "Haya, mtoto wangu, nimekosa," akapiga: Vipul, nyumbani Nakuru, anakaa Nakuru.

Aliwapigia simu wote, mmoja mmoja. Na kwa sababu mitaa kama Kaptembwo haina namba za nyumba, watu walijibu vile watu hujibu. Nyuma ya kinu cha posho. Ploti ya mlango wa bluu. Kando ya kanisa la mabati. Waliulizwa kwa adabu na mama mwenye sauti nzuri, wakajibu kwa adabu. Wangare akaandika yote. Watu wakaipenda safu ile. Wengine waligundua kwamba wanatoka kijiji kimoja na wanakaa mtaa mmoja bila kujuana, wakaenda kunywa chai pamoja.

Kisha uchaguzi ukaja, ukaharibika.

Kwa wiki kadhaa Nakuru ilipokea watu waliokimbia mapigano ya kikabila mahali pengine. Walikuja na magodoro, wakakaa kwenye uwanja wa maonyesho. Wangare aliendelea kwenda kazini peke yake. Vipul na wazazi wake walikuwa wameenda Kisumu arusini, wakafungiwa barabara huko. Wamalwa alikuwa Kitale. Funguo ya chumba ilibaki na Wangare. Kila asubuhi alimsomea Kibii waliokuwa bado wanaandika, na hawakuwa wengi. Yule wa jogoo alikuwa mmoja wao.

Alhamisi ile, baada ya saa sita, moshi ukapanda upande wa Kaptembwo. Wangare alirudi mapema. Walifunga mlango.

Ijumaa simu ikalia. Alikuwa Chepkurui, mwalimu, akiongea chini chini. Wangare aliweka simu katikati ili Kibii asikie.

"Mathe, kuna vijana wanazunguka na karatasi. Imechapwa kutoka kwa Kibao. Wanasoma mlango kwa mlango. Mimi wamesoma jina langu, na nyumbani kwetu, na nyuma ya kinu cha posho. Mama mwenye ploti amenificha kwake. Mathe, ni ile safu."

Simu ikakatika. Wangare alijaribu kumpigia, akajaribu Vipul, akajaribu Wamalwa. Kadi ya simu ilikuwa imeisha na hapakuwa na duka lililofunguliwa la kuuza nyingine. Akakaa kitandani, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Kisha akatafuta viatu.

"Unaenda wapi?" Kibii akauliza.

"Kufuta."

"Twende wote."

"Hapana. Fikiri, Kibii. Kona hii wataniuliza mimi. Kona ile watakuuliza wewe. Tukiwa wawili hatuna kona ya kupita."

"Basi usiende. Wacha mashini."

"Mashini ni nini? Hayo ni majina ya watu. Na ni mimi niliwauliza."

"Karatasi imeshachapwa."

"Ya Kaptembwo. Wale wa mitaa ingine hawajafikiwa. Kesho je?"

Alijifunga leso kichwani. Kitambulisho alikitoa mfukoni akakiacha mezani, kwa sababu kilikuwa na jina. Akatoka.

Kibii alisimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi. Alisikia milio mbali. Jua lilipoanza kushuka Wangare akarudi, ameshika ukuta, leso imelowa, macho mekundu kama nyanya. Mabomu ya machozi yalikuwa yamemkuta barabarani akirudi. Mlangoni hapo, kabla hajaketi, alimwambia Kibii maneno fulani. Kibii aliyashika hayo. Hakumwambia mtu, hata Jepleting.

Wangare alikuwa na pumu ya miaka mingi. Dawa ya kuvuta ilikuwa imebaki pumzi chache, ikaisha. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa, kafyu imewekwa, hakuna gari lililokubali. Kabla ya kupambazuka alikuwa ameenda.

Subukia hapakufikika. Mogotio hapakufikika. Jepleting alikuwa Eldoret, barabara zimezibwa kwa mawe, akamzika mama yake kwa simu. Mwanamke aliyewauliza watu wote nyumbani ni wapi alilazwa makaburi ya mjini, kati ya watu wasiomjua.

Tangu hapo Kibii alikuwa na hasira. Hakulia sana. Watu walikuja wakasema ni kazi ya Mungu, akawauliza tangu lini Mungu anarusha mabomu ya machozi, wakapunguza kuja. Alikasirikia sukari kwa kuisha. Alikasirikia redio kwa kuongea amani kama mtu anayeuza sabuni. Alikasirikia wazee wakubwa wa siasa walioshikana mikono kwenye picha wakicheka, na meno yao yote yapo. Alimkasirikia hata Wangare mwenyewe. Aliikasirikia funguo ile aliyoibeba. Asubuhi alikaa kwenye kigoda na chai, na hakuna aliyemsomea kitu.

Mwezi wa tisa Vipul na Wamalwa wakabisha hodi. Walikuja na keki ya duka ndani ya sanduku.

"Sasa mzee," Wamalwa akasema. "Umenona."

"Sijanona."

Vipul aliweka keki mezani polepole. Alikuja mazishini, huyu, alipopata njia, siku mbili amechelewa. Alisimama kaburini peke yake. Kibii hakuwa amesahau.

"Mzee, tuko na habari nzuri," Vipul akasema. "Kibao kimerudi. Kuna wageni kutoka Nairobi wamependa kazi. Jumamosi tunazindua upya. Na kuna ukurasa mpya, tumeupa jina la mathe. Ukurasa wa Wangare. Tunataka wewe ndiye ubonyeze."

Kibii aliwaangalia. Miezi yote hii, hakuna aliyekuja kutaja jina la Wangare bila kushusha sauti. Hawa walilitaja kama kitu kinachofanya kazi.

"Kuna nini kwa huo ukurasa?"

"Ni sapraizi," Wamalwa akasema.

"Mimi si mtoto. Kesho nitakuja nisomewe."

"Lakini mzee, Jumamosi..."

"Yeye hakupandisha kitu bila kunisomea. Kila kitu mlichowahi kuona juu kabisa, ni mimi nilicheka."

Wakatazamana. Hapo ndipo walipojua. Vipul akaketi bila kukaribishwa.

"Jogoo," akasema.

"Jogoo," Kibii akasema. "Na yule wa shemeji aliyekwama dirishani. Na yule mwongo wa Njoro."

Kesho yake alipanda zile ngazi mara ya kwanza tangu Januari. Benchi lilikuwa pale pale. Juu ya meza ya Wangare walikuwa wameweka printa mpya. Ukutani palikuwa na karatasi ya rangi ya kusherehekea, imebandikwa nusu.

Wamalwa alifungua kompyuta. Ramani ikajaza kioo. Kibii hakujua kusoma ramani, lakini aliona ziwa, akaona mji, akaona vidoto vyekundu, nukta ndogo nyingi kama ugonjwa wa ngozi.

"Hii ni Nakuru," Wamalwa akasema. Sauti yake ilikuwa imechangamka, sauti ya mtu anayependa kazi yake. "Ukibonyeza doto unaona mtu. Hapo kuna Kaptembwo. Ona."

"Soma."

"'Chepkurui. Nyumbani Bomet, anakaa Kaptembwo, nyuma ya kinu cha posho.'"

Kibii akasogea karibu na kioo.

"Ni ile safu ya mathe, mzee. Alifuta kwa seva, lakini mimi nilikuwa na kopi kwa flashi yangu tangu Desemba. Haikupotea. Sasa tumeiweka kwa ramani. Wageni wamesema inaonyesha vile tunatoka kila mahali na tunakaa pamoja. Ni ya amani."

"Bonyeza Bondeni."

Wamalwa akabonyeza. Akasita.

"Soma," Kibii akasema.

"'Wangare. Nyumbani Subukia, anakaa Bondeni, ploti ya pili kutoka mferejini, na mzee wake Kibii wa Mogotio.'"

"Anakaa wapi?"

"Mzee..."

"Nimekuuliza. Anakaa wapi?"

Chini dukani mtu aliuliza kama kuna daftari za mraba.

"Hiyo tutabadilisha," Wamalwa akasema. "Ni kitu kidogo. Naandika tu..."

"Yule mwalimu anakaa Kaptembwo?"

"Sasa sijui. Tulijaribu namba yake."

"Chumba chake kilichomwa. Godoro, vitabu, kuku, yule jogoo pia. Amerudi kwao. Haandiki tena. Wewe umemweka doto."

"Mzee, kwa heshima." Wamalwa aliweka mikono juu ya meza. "Vita vimeisha. Na hatukuiba. Watu walitupa wenyewe, kwa hiari. Walituambia. Waliulizwa na mathe. Hata wazo ni la mathe. Mimi nilidhani nikiirudisha nimemrudisha yeye."

Hapo Kibii akasimama. Alikuwa mzee, hakusimama haraka, lakini Wamalwa alirudi nyuma na kiti chake.

"Usinifundishe wazo la nani. Nilikuwa kwenye benchi hii. Aliwauliza kwa salamu. Mtu akikujibu salamu, unaibandika ukutani apite nayo mwenye panga? Alipoona wameigeuza, alivaa viatu. Wewe ulikuwa wapi? Kitale. Wewe ulikuwa wapi? Kisumu. Siwalaumu kwa barabara. Lakini alipita moto, mama mwenye pumu, akaacha kitambulisho chake mezani ili asiwe na jina, aje hapa, atoe majina. Ndiyo kazi aliyofia. Na ninyi mmeifuta hiyo kazi, mkaweka jina lake juu."

"Sikufikiria hivyo," Wamalwa akasema.

"Hukufikiria. Ulikuwa na kopi."

Wamalwa alimgeukia Vipul. "Wageni wanakuja kesho. Wanakuja kwa ajili ya hii ramani. Tukiitoa tunawaonyesha nini? Blogu za watu na kuku? Waambie mzee."

Vipul alikuwa anaangalia kioo. Alinyoosha kidole akabonyeza doto moja katikati ya mji, akasoma mwenyewe, kwa sauti. "'Vipul. Nyumbani Nakuru, anakaa Nakuru.'" Akamgeukia Wamalwa. "Unajua Kisumu waliniuliza nini, Wamalwa? Kizuizini. Nyumbani ni wapi. Nikasema Nakuru. Wakasema, na kabla ya Nakuru? Wewe hujawahi kuulizwa mara ya pili. Mimi najua ile ya pili inataka nini."

"Hiyo ni wale. Sisi si wale."

"Tumewachapia karatasi, bro."

Uso wa Wamalwa ulikuwa mgumu, na kwa muda Kibii alidhani atabisha mpaka jioni. Kisha kijana akavuta kiti karibu, akaanza kupiga vidole. Doto moja likazimika. Lingine. Halafu akabonyeza kitu kimoja na ramani yote ikawa nyeupe, kama Kariandusi.

"Na flashi," Kibii akasema.

"Mzee, kwa flashi kuna kazi yangu yote."

"Toa hiyo safu moja."

Wamalwa akaingiza flashi, akafuta, akageuza kioo ili Kibii aone, ingawa Kibii hakuweza kusoma alichoonyeshwa. Vipul akasogea, akaangalia kwa niaba yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Imeenda, mzee. Kweli."

"Kwingine?"

"Hakuna kwingine," Wamalwa akasema. Alipangusa uso kwa mkono. "Sasa kesho wataona ukurasa mtupu. Ukurasa wa Wangare, na chini hakuna kitu. Afadhali tutoe jina pia."

Kibii alifika mlangoni. Hasira haikuwa imetoka. Alijua haitatoka, si kwa keki wala kwa kufutwa kwa vidoto. Jumamosi hatakuja. Hatabonyeza kitu. Lakini jina likitolewa, litakuwa limetolewa mara mbili, na mara ya kwanza Wangare alilitoa mwenyewe.

Akarudi, akaketi kwenye benchi.

"Acha jina," akasema. "Andika chini yake nitakayosema. Usiongeze kitu."

Wamalwa akaweka vidole tayari.

"Ni siku ile alirudi nyumbani jioni. Alisimama mlangoni, hajaketi bado. Andika vile alisema."

Alisema polepole, na Wamalwa akapiga. Alipomaliza akasomewa. Wamalwa alikuwa ameandika "karibu na mlango". Kibii akakataa. Ni hapa mlangoni, akasema. Wamalwa akarekebisha, akasoma tena mwanzo hadi mwisho, na safari hii Kibii hakumkatiza.

"Nimezifuta zote, Kibii, hata yetu. Mtu akitaka kujua nyumbani kwetu ni wapi, aje aulize hapa mlangoni, nimwekee chai."